Printf Ipo, Skrini Kimya: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Bafa Katika C

"Mwalimu, printf yangu haifanyi kazi." Karibu kila kundi ninalofundisha jioni hapa Mombasa huniletea lalamiko hili, na karibu kila mara printf huwa imefanya kazi yake sawasawa. Maneno yameshaandikwa. Yamekaa tu mahali ambapo mwanafunzi hajawahi kuambiwa apaangalie, yaani kwenye bafa, sehemu ya kumbukumbu ambapo data husubiri kabla ya kupelekwa.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja wa Kisauni. Alimtengenezea shangazi yake, muuza samaki wa Kongowea, programu ndogo ya kuweka kilo za kila mteja. Asubuhi nzima shangazi akapima, kijana akaandika. Saa sita umeme ukakatika, na kompyuta ile haikuwa na betri. Umeme uliporudi, faili ya mauzo ilikuwa na baiti 0. Kila fprintf ilikuwa imeitwa bila kosa lolote, lakini hesabu ya asubuhi nzima haikuwahi kutoka kwenye kumbukumbu ya programu kwenda popote. Sitaki likupate wewe.

## Vitu utakavyohitaji

- Kompyuta yenye Linux. Ukiwa na Windows, WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) inatosha.
- Kompaila ya gcc au clang.
- strace, chombo kinachoonyesha miito ya programu kwa mfumo, ili uone kwa macho yako ni lini data inatoka.
- Madirisha mawili ya terminali.
- Uwe unajua fopen, fprintf na kitanzi cha for. Zaidi ya hapo utajifunza njiani.

Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install build-essential strace
```

## Hatua ya 1: Lione tatizo kabla ya kulitibu

Usiruke hatua hii. Wanaorudi kwangu mara ya pili ni wale waliobandika fflush (mwito wa kumwaga bafa) kila mahali bila kuona kinachotendeka. Andika hii kwenye mizani.c:

```c
#include <stdio.h>
#include <unistd.h>

int main(void)
{
    const char *samaki[] = { "Changu", "Nguru", "Tafi",
                             "Jodari", "Kolekole" };

    for (int i = 0; i < 5; i++) {
        printf("%s... ", samaki[i]);
        sleep(1);
    }
    printf("\nTayari\n");
    return 0;
}
```

Ikusanye, uiendeshe:

```
gcc -Wall -o mizani mizani.c
./mizani
```

Sekunde tano kimya, kisha samaki wote wanatokea kwa pamoja. Sasa badilisha `"%s... "` iwe `"%s\n"`, ukusanye tena. Safari hii kila samaki anatokea kwa sekunde yake. Wengi huishia hapo wakiamini wamepata dawa. Endelea kidogo:

```
./mizani | cat
```

Kimya kimerudi, ijapokuwa mstari mpya umo.

Utajua umefaulu ukiwa umeyaona matokeo yote matatu. Kama la tatu limekushangaza, vizuri, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo.

## Hatua ya 2: Jua data inasafiri kwa chombo gani

Kupeleka data kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kuna gharama yake. Kila mwito wa write huisimamisha programu yako kidogo, kerneli ikashika usukani, kisha ikakurudishia. Kwa hiyo maktaba ya C hukusanya baiti kwanza kwenye bafa, ikapeleka nyingi kwa mpigo mmoja. Namna za kukusanya ni tatu.

Bafa kamili, `_IOFBF`. Hii ni matatu ya stejini, haiondoki mpaka viti vyote 14 vijae. Umekaa ndani peke yako, una haraka, na bado unangoja. Faili na paipu (ile `|` inayopeleka matokeo ya programu moja kwa nyingine) hutumia namna hii.

Bafa ya mstari, `_IOLBF`. Hapa makanga akigonga bodi, gari linaondoka hata kama halijajaa. Kugonga bodi ndiyo `\n`. Gari likijaa kabla ya bodi kugongwa, linaondoka vilevile. stdout, njia ya kawaida ya kutoa ambayo printf huandikia, hutumia namna hii ikiunganishwa na terminali.

Bila bafa, `_IONBF`. Tuktuk ya kukodi. Umepanda, mmeondoka. stderr, njia ya ujumbe wa makosa, iko hivi kwenye Linux, na ndiyo maana ujumbe wa makosa huonekana papo hapo.

Sasa tokeo la tatu la Hatua ya 1 linaeleweka. Programu inapoanza kuandika, maktaba huangalia upande wa pili wa stdout kuna nini. Ikikuta terminali, hutumia bafa ya mstari. Ikikuta paipu au faili, hutumia bafa kamili, na `\n` inakuwa herufi ya kawaida isiyoondoa gari.

Ukubwa nao uujue. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya C inayotumika sana huko), bafa ya faili kwa kawaida ni baiti 4096, ya terminali 1024. Kuna pia `BUFSIZ`, ambayo sanifu ya C inataka isipungue 256, na glibc imeiweka 8192. Mauzo ya shangazi asubuhi ile hayakufika baiti 4096. Matatu haikujaa, haikuondoka.

Thibitisha:

```
strace -e trace=write ./mizani > matokeo.txt
```

Utajua umefaulu ukiona mwito mmoja tu wa write, umebeba samaki wote pamoja na neno Tayari.

## Hatua ya 3: Mwaga bafa pale tu unapohitaji

Dawa ya kwanza, na mara nyingi inayotosha, ni fflush:

```c
printf("Kilo ngapi? ");
fflush(stdout);
```

Mwito huu humwaga kilichomo kwenye bafa sasa hivi, kimejaa kisijae. Hurudisha 0 ukifaulu na `EOF` ukishindwa. Ukiandika faili yenye maana kwa mtu, angalia jibu hilo, kwa sababu diski iliyojaa hujulikana hapa, si kwenye fprintf.

Kuna jambo huwachanganya watu. Kwenye terminali ya Linux, swali kama hilo mara nyingi hutokea hata bila fflush, kwa kuwa glibc humwaga stdout yenye bafa ya mstari kabla ya kusoma terminali kupitia stdin. Mwanafunzi huzoea hivyo. Kisha anaiendesha programu ndani ya kihariri kinachoipitisha kwenye paipu, swali halionekani, naye anadhani kompyuta imeganda. Weka fflush baada ya kila swali lisiloisha kwa `\n`, hata kama leo huoni haja yake.

Onyo: usiiweke ndani ya kitanzi kinachoandika maelfu ya mistari kwenye faili. Utakuwa umeigeuza matatu kuwa tuktuk, na programu itakokota miguu.

## Hatua ya 4: Chagua namna yako kwa setvbuf

Ukitaka mkondo mzima (stdout, stdin au faili uliyoifungua) ubadilike tabia, badala ya kumwaga mara kwa mara, tumia hii:

```c
int setvbuf(FILE *mkondo, char *bafa, int namna, size_t ukubwa);
```

Mfano, kuifanya stdout iende mstari kwa mstari hata ikiwa kwenye paipu:

```c
int main(void)
{
    if (setvbuf(stdout, NULL, _IOLBF, BUFSIZ) != 0) {
        fprintf(stderr, "setvbuf imekataa\n");
        return 1;
    }
    /* kazi nyingine zote baada ya hapa */
}
```

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni mahali pa kuiweka. setvbuf huitwa baada ya mkondo kufunguliwa na kabla ya tendo lolote jingine juu yake. Ukishapiga printf moja tu, umechelewa. Sanifu haikuahidi lolote baada ya hapo. Huenda ikafanya kazi kwako na ikakataa kwa mwenzako, jambo baya kuliko kukataa kote. Kwa stdout, iwe mstari wa kwanza wa main. Kwa faili, iwe mara tu baada ya kuhakikisha fopen haikurudisha NULL.

Kosa la pili ni baya zaidi, maana halina kelele:

```c
FILE *fungua_daftari(void)
{
    char bafa[8192]; /* KOSA */
    FILE *f = fopen("daftari.txt", "w");
    if (f != NULL)
        setvbuf(f, bafa, _IOFBF, sizeof bafa);
    return f;
}
```

Funksheni ikirudi, safu ya bafa imekufa, lakini mkondo bado unaandika pale pale. Utaandika juu ya data ya wengine. Hata ukiitangaza safu hiyo ndani ya main hujasalimika, kwa sababu mikondo iliyo wazi humwagwa main ikishamaliza, wakati safu yako haipo tena. Andika `static char bafa[8192];` au funga mkondo kwa fclose kabla ya kutoka.

Na ukitaka ukubwa fulani, lete safu yako mwenyewe. Kwenye glibc, ukipitisha NULL namna ndiyo hubadilika, ukubwa ulioutaja haufuatwi.

Kwa wanaokusanya kwa kompaila ya Microsoft: huko `_IOLBF` huchukuliwa kama bafa kamili. Tumia `_IONBF`, au baki na fflush.

### Pima faida yake

Andika mstari `"nguru 120\n"` mara 100,000 kwenye faili kwa fputs. Kila mstari ni baiti 10, jumla baiti 1,000,000. Endesha kwa `strace -c` na uhesabu miito ya write:

- Bila bafa: karibu 100,000.
- Bafa ya kawaida ya 4096: karibu 245.
- Bafa yako ya 65536: karibu 16.

Kutoka 100,000 hadi 245 ni tofauti utakayoiona kwenye saa. Kutoka 245 hadi 16, mara nyingi huioni. Ndiyo maana siwashauri wanaoanza kuhangaika na bafa kubwa. Bafa ya kawaida ni nzuri, tatizo huwa ni lini imwagwe.

## Hatua ya 5: Jua ni wakati gani bafa hupotea

Ukirudi kutoka main au ukiita exit, mikondo yote humwagwa kwa utaratibu. Haimwagwi ukiita `_exit`, programu ikianguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake, ikiuawa kwa `kill -9`, wala ukiizima kwa Ctrl+C bila kuwa umeishughulikia ishara hiyo. Hili la Ctrl+C ndilo linalowakuta wanafunzi wengi: wana kitanzi kisichoisha, wanakizima kwa vidole viwili, kisha wanashangaa faili ni tupu.

Ndiyo maana printf ni shahidi dhaifu unapotafuta kosa. Inasema "nimefika mstari wa 40" kwenye bafa, programu inaanguka mstari wa 60, ushahidi unafia humo ndani. Wewe unakesha ukichunguza mstari wa 30. Ujumbe wa kutafuta makosa upeleke stderr:

```c
fprintf(stderr, "nimefika: kilo=%.2f\n", kilo);
```

Halafu kuna umeme. fflush hutoa data kwenye programu na kuikabidhi kerneli, si diski. Programu ikianguka baada ya hapo, data iko salama. Umeme ukikatika sekunde ileile, huenda bado haijafika diski. Kwa rekodi usizotaka kupoteza, mwaga kwa fflush, kisha iamuru kerneli iandike diski kwa fsync, kwa mpangilio huu:

```c
fflush(f);
fsync(fileno(f));
```

Ukiyageuza, fsync itapeleka diski kila kitu isipokuwa kile ulichokitaka. Hiyo fsync ni nzito, basi iite kwa kila mauzo, si kwa kila neno.

## Hatua ya 6: Bafa ya kuingiza

stdin nayo ina bafa, na kosa lake ni moja maarufu. Mtu anasoma kilo kwa `scanf("%d", &kilo)`, kisha jina la mteja kwa fgets. Jina linarukwa. Sababu ni kwamba mteja aliandika 3 akabonyeza Enter. Scanf ikachukua 3 na kuiacha `\n` kwenye bafa. fgets ikaikuta, ikadhani mstari umekwisha, ikarudi na mstari mtupu.

Utashauriwa uandike `fflush(stdin)`. Usifuate. Sanifu ya C haikuipa maana kwa mkondo wa kuingiza, na programu inayotegemea hilo itakuaibisha kwenye mashine nyingine. Mimi nawafundisha kusoma mstari mzima kila mara, halafu kuuchambua kwa sscanf:

```c
static int soma_mstari(char *s, size_t n)
{
    if (fgets(s, (int)n, stdin) == NULL)
        return 0;

    size_t urefu = strcspn(s, "\n");
    if (s[urefu] == '\n') {
        s[urefu] = '\0';
    } else {
        int c;
        while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF)
            ;
    }
    return 1;
}
```

Sehemu ya else husafisha mabaki mtu akiandika mstari mrefu kuliko safu yako. Kumbuka `c` ni int, si char. Ukiifanya char, kuna mashine ambazo haitalingana kamwe na `EOF`, na kitanzi hakitaisha.

Kuna wanaotaka kibonyezo kimoja kisomwe bila Enter, wakadhani `setvbuf(stdin, NULL, _IONBF, 0)` itawapa. Haitawapa. Anayezuia herufi hapo ni terminali yenyewe, inayongoja mstari ukamilike. Hilo hubadilishwa kwa tcsetattr, kwa kuzima `ICANON`, na ni somo la siku nyingine.

Utajua umefaulu ukiandika "abc" mahali pa kilo na programu ikakuuliza tena kwa upole, badala ya kuzunguka bila kikomo.

## Hatua ya 7: Ukitumia fork, mwaga kwanza

fork hunakili mchakato mzima, pamoja na bafa isiyomwagwa. Wote wawili, mzazi na mtoto, wataimwaga kwa wakati wao, na maneno yatatokea mara mbili. La kutatanisha ni kwamba kwenye terminali huenda usilione, kwa kuwa `\n` ilishamwaga mapema. Ukielekeza kwenye faili ndipo kila kitu kinajirudia. Ita `fflush(NULL)` kabla ya fork, humwaga mikondo yote ya kutoa. Mtoto asiyehitaji stdio amalizie kwa `_exit`.

Kwa sababu ileile usichanganye printf na `write(1, ...)` bila fflush katikati. write haipiti kwenye bafa, itaitangulia printf iliyoandikwa juu yake.

## Hatua ya 8: Programu usiyoweza kuibadilisha

Kama huna msimbo, jaribu stdbuf, amri inayobadilisha bafa ya programu kutoka nje:

```
stdbuf -oL ./mizani | tee matokeo.txt
```

`-oL` ni bafa ya mstari kwa kutoa, `-o0` ni bila bafa. Haitasaidia programu iliyounganishwa kistatiki (iliyobeba maktaba zake ndani), wala ile inayojiwekea setvbuf yenyewe.

## Hatua ya 9: Unganisha yote, kisha iue

Hii ndiyo tuliyomwandikia shangazi upya. Iite mauzo.c, na uweke soma_mstari ya Hatua ya 6 palipoonyeshwa.

```c
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <unistd.h>

/* soma_mstari inakaa hapa */

int main(void)
{
    char mstari[80], jina[32];
    double kilo;

    FILE *f = fopen("mauzo.txt", "a");
    if (f == NULL) {
        perror("mauzo.txt");
        return 1;
    }

    for (;;) {
        printf("Samaki na kilo: ");
        fflush(stdout);

        if (!soma_mstari(mstari, sizeof mstari))
            break;
        if (sscanf(mstari, "%31s %lf", jina, &kilo) != 2) {
            fprintf(stderr, "Andika hivi: nguru 2.5\n");
            continue;
        }

        fprintf(f, "%s %.2f\n", jina, kilo);
        if (fflush(f) != 0 || fsync(fileno(f)) != 0) {
            perror("mauzo.txt");
            return 1;
        }
    }
    return fclose(f) == 0 ? 0 : 1;
}
```

Hapa sikutumia `_IOLBF` kwa faili, nikachagua fflush ya wazi, kwa sababu nataka kujua papo hapo kama mauzo haya yamekataa kuandikika.

Ikusanye, iendeshe, uingize samaki watatu. Usiifunge. Kwenye dirisha la pili andika:

```
pkill -9 mauzo
cat mauzo.txt
```

Utajua umefaulu mistari yote mitatu ikiwepo. Kisha ondoa ule mstari wa fflush na fsync pamoja na mabano yake, futa mauzo.txt, na urudie jaribio lilelile. Faili itakuwa tupu, kama ile ya Kongowea. Jaribio hili hupima fflush peke yake. Fsync utaipima siku umeme utakapokatika kweli.